Ile Tableti Mpya na Sauti Yake

Jumatatu, jioni. Baridi ya mwezi wa saba imeingia Woodley na imekataa kutoka. Tangu asubuhi hatujaona jua, ni yale manyunyu ya Nairobi ambayo hayatoshi kuitwa mvua lakini yanakulowesha mabega ukienda tu dukani kununua maziwa. Nimevaa soksi mbili. Nimeketi jikoni kwa sababu jiko bado lina joto, na Mama yuko sebuleni na redio yake.

Niliwaahidi ulinganisho wa tableti tatu za bei nafuu. Ulinganisho umekuwa tayari tangu Jumamosi asubuhi. Nimeshindwa kuuchapisha, na leo nitasema kwa nini.

Kwa wanaofika hapa mara ya kwanza: naitwa Mwikali. Mchana ni karani katika ofisi ya bima katikati ya jiji, na jioni naandika kuhusu simu na vifaa vinginevyo, kwa ajili ya watu ambao hawana pesa ya kuchezea. Naishi na mama yangu katika nyumba ile ile ya kaunti ambayo baba alipewa akiwa mfanyakazi wa jiji. Mama alikuwa mwalimu wa darasa la tatu kule Machakos kabla hatujahamia huku. Sasa presha ya macho imemla uoni wake hata anachoona ni dirisha tu, na kivuli cha mtu akipita mbele ya dirisha.

Kwa hiyo safari hii sikuwa natafuta tableti ya kuandikia tu. Nilikuwa natafuta ya Mama. Nilitaka inayoweza kumsomea gazeti.

Kazi hiyo ilikuwa ya kaka yangu, Mutua. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kutoka Loresho, alikoishi na mkewe Wanjiru, akaketi kwenye kiti cha baba na kumsomea Mama gazeti zima. Walianza na matangazo ya vifo. Mama hupenda kujua nani ametangulia, ameacha nani, na kama familia imeandika vizuri. Mutua alikuwa na sauti ya kazi hiyo. Ndiyo iliyomlisha pia: alisoma matangazo ya biashara redioni, sabuni, mbegu za mahindi, unga wa uji, akilipwa kwa siku.

Mutua alifariki mwaka jana, mvua za masika zilipokuwa zikianza. Alianza na kikohozi, na wiki mbili hazikuisha.

Tangu hapo hakuna aliyesoma vifo katika nyumba hii. Nilijaribu mara moja. Mama alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema ana usingizi.

*

Ijumaa baada ya kazi nilipita barabara ya Luthuli mjini, kwenye duka la Njoroge, ambaye huniazima vifaa vya kujaribu kwa sababu wasomaji wangu wakinunua hununua kwake. Alikuwa amenitolea ile mpya kabla hata sijaomba.

"Siz, hii ndiyo wametangaza juzi. Imeingia leo asubuhi. Bei ni ya chini kuliko zote, na inasoma Kiswahili kama mtu. Si kama zile zingine. Hebu sikiza."

Akanipa hedifoni kwa sababu spika za duka la jirani zilikuwa zinapiga nyimbo za injili kwa fujo.

Nilitaka maandishi marefu ya Kiswahili ya kuijaribu. Nilifungua blogu yangu mwenyewe. Ukurasa wa kwanza kabisa kufunguka ni ule niliouweka juu mwaka jana na sijawahi kuutoa, ule wa kumuaga Mutua. Sikufikiri. Nilibonyeza alama ya spika.

"Kaka yangu Mutua alituacha Jumanne asubuhi," ilisema sauti masikioni mwangu. "Alikuwa na miaka thelathini na minane."

Ilikuwa sauti ya Mutua.

Nilivua hedifoni. Niligeuka nyuma, na sioni haya kusema hivyo. Nyuma yangu palikuwa na mama mmoja anachagua kava ya simu.

"Ni nini?" Njoroge akauliza. "Iko na shida?"

"Hapana."

"Si ni safi?"

"Ni safi sana," nikamwambia.

Nikavaa tena hedifoni. Alikuwa anaendelea. Alisoma kwamba atazikwa nyumbani Machakos, kando ya baba yake. Alisoma jina la mkewe na jina la binti yake bila kusita. Alisoma sehemu niliyoandika kwamba hakuna atakayetusomea tena kama yeye.

Mwaka jana nililia nikiandika ukurasa ule. Ijumaa sikulia. Vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa baridi, vya mkono mmoja tu, ule ulioshika tableti.

Nilimwambia Njoroge naiazima hadi Jumatatu, na nikaongeza mshindani wake, ile ya buluu. Ya tatu ninayo nyumbani tangu mwezi uliopita.

*

Jumamosi asubuhi nilifanya kazi yangu, maana kazi ni kazi. Nilizipanga tatu juu ya kitanda.

Ile ya tatu niliitoa mapema. Ina kioo kizuri kuliko zote, hata ukiwa nje unaona vizuri, lakini haijui Kiswahili kabisa. Ukiipa habari ya Kiswahili inaisoma kwa Kiingereza, kama mtu anayetafuna kokoto.

Ya buluu ni nzito, na chaji yake huchukua muda mrefu kujaa. Inasoma Kiswahili kwa sauti ya mwanamke ambaye, nina hakika, hajawahi kununua sukuma wiki maishani mwake. Anaweka mkazo mahali pasipo. Jina Mutiso analitamka kama jina la mji wa Italia.

Ile mpya ni nyepesi. Betri yake inakaa siku nzima. Kioo chake hukwaruzika haraka, na picha zake hazina maana, lakini nani hununua tableti ya bei hiyo ili apige picha? Kwa mtu asiyeona vizuri, anayetaka kusomewa, ilizishinda zote mbili bila jasho.

Nilifungua mahali pa kuchagua sauti. Sauti ya Kiswahili ilikuwa moja tu, na walikuwa wameipa jina. Walimwita Baraka.

Nililirudia hilo jina polepole.

Kisha nikaanza kumsikiliza kama fundi, sio kama dada. Labda nilijidanganya dukani, nikajiambia. Watu hufanana sauti. Lakini Mutua alipokuwa na miaka tisa alianguka kutoka juu ya tangi la maji nyuma ya nyumba hii, jino la mbele likameguka, na tangu siku hiyo kila herufi ya s aliyotamka ilikuwa na mluzi mdogo ndani yake. Redioni walikuwa wakiusafisha. Hapa hawakuusafisha. Nikaandika "sisi sote" nikabonyeza. Mluzi ulikuwepo, mara tatu.

Alikuwa pia na tabia ya kuvuta pumzi puani kabla ya kusema "hata hivyo", kama mtu anayekaribia kukupinga kwa upole. Nikaandika "hata hivyo". Akavuta pumzi.

Nikabonyeza tena. Akavuta pumzi.

Nilibonyeza labda mara ishirini. Ilikuwa pumzi ile ile. Haikuzidi wala kupungua. Ni Mutua akiwa hai aliyevuta pumzi mara moja, siku moja, mahali fulani, na ile pumzi ikawekwa.

Sikutaka Mama asikie. Niliificha tableti kabatini kwangu, chini ya masweta, nikamwambia natoka kidogo kwenda kumsalimia Wanjiru. Nilidhani nimeizima.

*

Wanjiru anaishi kwenye kiwanja cha wazazi wake Loresho, nyumba ndogo ya nyuma yenye ua wa miti ya kei yenye miiba mbele. Familia yao imekuwa pale tangu kabla pale hapajawa mahali pa matajiri. Babu yake alikuwa na ng'ombe ambapo sasa kuna maghorofa. Binti yao, Nduku, aliyepewa jina la mama yangu, ana miaka mitatu na nusu. Alikuwa amelala.

Nilimweleza Wanjiru kwa sauti ya chini. Nilitegemea ashtuke. Hakushtuka. Aliweka kikombe cha chai mezani polepole.

"Nilikuwa najua itatokea siku moja," akasema. "Mimi nikiingia kwa lifti ikiongea, natoka jasho. Nikipigia benki simu, kabla hiyo mashine ijibu, nashika roho."

"Ulijua?"

"Alienda kurekodi. Wiki mbili nzima. Kwa nyumba fulani huko Karen."

Kisha akanieleza, na nitaandika kama alivyosema. Ilikuwa miezi michache kabla Mutua hajaugua. Kila asubuhi alikwenda kwenye nyumba kubwa yenye mti wa jakaranda langoni, na ndani kulikuwa na chumba walichokibandika magodoro ukutani hadi darini. Walimpa karatasi za sentensi zisizo na maana. Nyumba ya nne ina bati jekundu. Je, dada yako huuza sabuni? Mbuzi saba walivuka barabara bila wasiwasi. Alirudi nyumbani sauti imekauka, na hakutaka kuongea. Alikuwa anaandika kwenye karatasi akitaka chumvi.

"Siku moja nilienda kumchukua na gari ya baba," Wanjiru akasema. "Mlinzi akaniuliza nimekuja kuona nani. Nikasema Mutua. Hakumjua. Nikasema, yule anasoma. Akasema, 'Aah, yule wa sauti.' Nikangoja hapo kwa gari. Mwikali, hiyo nyumba ilikuwa na mbwa wawili wakubwa na hawakubweka. Walikuwa wamekaa tu wakiangalia mlango."

"Na yeye alisema nini?"

"Alitoka akaingia kwa gari, akafunga mshipi. Akasema, 'Nimemaliza. Wamesema hawatanihitaji tena.'"

Wanjiru hakuwa analalamika. Mutua aliweka sahihi kwa mkono wake, akalipwa walivyokubaliana, na pesa hiyo ndiyo iliyowavusha mwezi wa Krismasi. Hakuna aliyeibiwa. Nadhani ingekuwa rahisi zaidi kama kungekuwa na mwizi.

"Umeibeba?" akauliza. "Hiyo kitu."

"Nimeiacha nyumbani. Kabatini."

"Na Mama yuko wapi?"

"Nyumbani."

Wanjiru alisimama. "Mwikali, enda. Usimwache nayo peke yake."

Nilitaka kumwambia imezimwa. Halafu nikajaribu kukumbuka kidole changu kikibonyeza, na sikukumbuka.

*

Nilipofungua mlango nyumba ilikuwa kimya. Redio ilikuwa imezimwa, na Mama hazimi redio Jumamosi, siku ya kwaya.

Nilimkuta chumbani kwangu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, uso umeelekea kabati.

"Mama?"

"Shhh," akasema. "Amenyamaza sasa hivi."

Nilibaki mlangoni.

"Alianza nikiwa sebuleni," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, ya kueleza jambo kwa utaratibu. "Nikadhani ni redio, nikaizima. Akaongea tena. Nikamfuata na ukuta mpaka huku. Anasema nguvu zimemwishia. Amesema tafadhali mara tatu, Mwikali. Mutua hakuwa mtu wa kusema tafadhali mara tatu."

Na hapo hapo, kutoka chini ya masweta yangu, kaka yangu akasema: "Betri imebaki asilimia mbili. Tafadhali unganisha chaji."

Mama hakuruka. Aliinua tu kidevu kidogo, kama anavyofanya mtu akiitwa jina lake kanisani.

"Umesikia," akasema.

Nilifungua kabati nikaitoa. Nilimwambia yote: tableti, Karen, magodoro, jina la Baraka. Niliongea haraka nikijikanyaga. Nilipomaliza aliomba aishike. Aliipapasa pande zote kama anavyopapasa mkate kujua kama umeiva, akasema ni nyembamba.

"Mimi nimepoteza macho, sijapoteza akili," akasema. "Najua Mutua amekufa. Nilimwaga udongo kwa mkono wangu. Nilitaka tu kujua ni nini kinaongea kwa kabati ya binti yangu."

Niliiunganisha na chaji. Nilifikiri ameridhika.

"Sasa mwambie aniite," akasema.

"Mama..."

"Mwambie aniite vile alikuwa akiniita."

Niliandika neno moja, la Kikamba: mwaitu. Maana yake ni mama yangu, lakini pia ni zaidi ya hapo, ni neno ambalo mtu mzima hulisema akirudi nyumbani. Nilibonyeza.

"Mwaitu," ikasema.

Sauti ilikuwa yake. Neno halikuwa lake. Ile herufi ya mwisho, ambayo sisi huitamka mahali fulani kati ya u na o, aliisema kama u ya Kiswahili, safi, iliyonyooka, ya shuleni. Ilikuwa kama kumsikia kaka yangu baada ya mtu kumtoa kila kitu cha nyumbani na kumwachia koo.

"Tena," Mama akasema.

"Mwaitu."

"Tena."

"Mwaitu."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande, sikio moja juu. "Hakuwahi kuniita sawasawa mara mbili," akasema. "Akiwa na njaa, hivi. Akiwa na makosa, hivi. Akiwa na habari ya kuficha, hivi. Huyu hana chochote."

Nikamuuliza kama nizime. Yeye akauliza jambo ambalo limekaa nami tangu hapo.

"Hii inauzwa kwa kila mtu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na kila anayenunua anakuwa naye."

"Anakuwa na sauti yake. Ndiyo."

"Kwa hivyo sasa hivi, tukiwa tumekaa hapa, anaongea katika nyumba ngapi?"

Alielekeza uso wake dirishani, kwenye kile kimwanga kilichobaki cha jioni, na nikaona anawaza: Kisumu, Mombasa, Eldoret, mahali ambapo Mutua hakuwahi kufika. Anawaambia watu tusiowajua kwamba betri imeisha. Anasema tafadhali. Hachoki, hakauki koo, hadai maji.

"Huyo ni Mutua wa kazini," akasema mwishowe. "Wa kwangu yuko Machakos. Zima, Mwikali. Na safari hii uzime kabisa."

*

Sasa lile ambalo sikutaka kuandika.

Jumapili Mama alikwenda kanisani na jirani yetu. Mimi nilisema nina homa. Sikuwa na homa.

Siku aliyofariki Mutua nilikuwa kwenye hoteli moja mjini, katika uzinduzi wa simu. Waliomba tuzime simu zetu, nami nikazima, kwa sababu nilikuwa nimeketi mstari wa mbele na nilitaka kuonekana mtu wa maana. Nilipowasha nilikuta amenipigia mara mbili kutoka hospitalini. Nilipompigia, Wanjiru ndiye aliyepokea.

Sijui alitaka kuniambia nini. Wanjiru naye hajui. Mutua alipopiga, yeye alikuwa ametoka kununua maji.

Basi Jumapili, nyumba ikiwa tupu, nilifunga mlango wa chumba, nikawasha ile tableti, na nikaandika: Mwikali, nilitaka tu kukusalimia. Usijali. Nimekusamehe.

Nikabonyeza.

Aliisema. Aliisema vizuri sana, na ule mluzi kwenye "nimekusamehe". Kwa sekunde moja kifua changu kilifunguka, kweli, nilihisi kama mtu amenitua gunia.

Kisha sijui ni nini kilinishika. Nilifuta neno la mwisho. Nikaandika: Sijakusamehe.

Nikabonyeza.

Akalisema kwa sauti ile ile. Kwa upole ule ule. Bila hasira, bila huzuni, kama anavyokuambia asilimia ya betri.

Nilizima nikaketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira na mmoja akawa anahesabu kwa kelele, na nilishukuru kwa kelele yake. Nilielewa kwamba angeweza kuniambia chochote. Angenitukana nikitaka. Angeniomba msamaha yeye. Ningeweza kukaa chumbani humo mwaka mzima nikimwandikia maneno na kumsikiliza akiyasema, na simu zile mbili zingebaki zimepigwa bila kupokelewa.

Nilikuwa bado sakafuni Mama aliporudi. Alibisha mlango akasema anataka kusomewa gazeti.

"Na nani?" nikauliza.

"Na yule mwanamke wa ile ingine. Anayesoma kama mgeni. Hanijui, na mimi simjui. Hiyo ni sawa."

Kwa hiyo jana alasiri Mama aliketi kwenye kiti cha baba, ile tableti ya buluu nzito mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana vifo vikasomwa katika nyumba hii. Yule mwanamke aliwaua watu wa Machakos na Kitui mara ya pili kwa matamshi yake. Kila mara Mama alimsahihisha kwa sauti, kidole juu, kama yuko mbele ya darasa la tatu.

"Si Mtízo. Mutiso! Sema tena."

Hakusema tena. Aliendelea na tangazo lililofuata. Mama akacheka mpaka akashika ubavu.

*

Leo saa saba mchana nilirudisha ile mpya kwa Njoroge. Nililipia ya buluu. Alishangaa.

"Siz, hiyo ya buluu? Na hii ndiyo kali. Zimebaki mbili tu."

Kabla ya kurudisha kifaa huwa nafuta kila kitu changu. Nilibonyeza pale pa kufuta. Spika za jirani zilikuwa kimya leo, kwa hiyo duka zima lilisikia.

"Una uhakika?" akauliza Mutua. "Ukifuta, huwezi kurudisha."

Kulikuwa na mzee mmoja kwenye kaunta, kofia mkononi, anatafutia mkewe zawadi. Alitabasamu. "Huyo anaongea vizuri," akaniambia. "Kama mtu wa kwetu."

Nilisema ndiyo, anaongea vizuri. Nikabonyeza kufuta. Nilitoka kabla mzee hajaamua, kwa sababu sikutaka kujua kama ataibeba na ataipeleka wapi.

Ulinganisho wenyewe, kwa waliovumilia hadi hapa: ile mpya ni bora kwa pesa yake. Siwezi kuwadanganya. Nyepesi, betri nzuri, na inasoma Kiswahili kuliko mashine yoyote niliyowahi kusikia. Mkiinunua, naomba kitu kimoja tu, na najua ni ombi la ajabu. Msimwache akiomba chaji mara tatu.

Nilidhani nimemaliza kuandika. Lakini dakika chache zilizopita Wanjiru amenitumia ujumbe.

Ameinunua. Alipita mjini baada ya kazi. Anasema alitaka kusikia mara moja tu, halafu airudishe. Alikuwa ameiweka mezani ikimsomea mapishi, na Nduku akatoka chumbani akasimama mlangoni akasikiliza muda mrefu, kidole mdomoni. Alikuwa na miaka miwili baba yake alipofariki, na kila mtu alisema hakumbuki kitu.

"Ameenda akaweka sikio kwa kioo," Wanjiru ameandika. "Ameniuliza mbona Baba hatoki. Mwikali, nimjibu nini?"

Nimeandika jibu nikalifuta. Nimeandika lingine, nalo nikalifuta. Mama ameniuliza kutoka sebuleni ni nani ananiandikia, nikamwambia, na ameomba nimletee koti lake jeusi na viatu vya kufunga.

Nimemwambia kuna giza na manyunyu, tungoje kukuche. Amekubali, lakini koti amelivaa hata hivyo, na ameketi nalo.

Kwa hiyo kesho sitakwenda kazini asubuhi. Tutakuwa Loresho mtoto akiamka, mimi na Mama. Sijui bado tutamwambia nini. Najua tu kwamba tutamwambia kwa midomo yetu wenyewe, na tukikosea, tutakosea kwa sauti zetu.